Kabla ya Kununua Mashine ya Baridi, Itazameni Nyumba

Hotuba hii ilitolewa na fundi mmoja wa mitambo ya baridi, mzaliwa wa Matayos, mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana kuzungumza juu ya ujenzi wa nyumba za biashara. Tumeiandika karibu kama alivyoisema, ili hata kikundi ambacho hakikufika nacho kifaidike.

 

Nimeombwa niseme juu ya viyoyozi, zile mashine ambazo sisi sote tunaziita AC. Naona wengine mnacheka. Mnajiuliza, watu wa kuchanga mia mbili kila juma wana haja gani na AC? Haja ipo. Baadhi yenu mmekwisha nunua ploti, na wengine mmefika kwenye linta. Mnataka kupangisha. Na kila mtu anayekuja kuulizia chumba, awe mwenye duka la dawa, wakala wa benki, au yule anayetaka kufungua hoteli ya kulaza madereva wa malori ya mpakani, neno lake la kwanza ni hilo hilo: "Kuna AC?" Muuzaji wa mashine naye amekwisha fika na karatasi ya bei. Nimeambiwa mnataka kupiga kura leo.

Kwa hiyo sikuja kuwauzia kitu. Nimekuja kuwaambia kosa nililofanya mimi mwenyewe.

Kosa langu

Mwaka 2011 nilitoka Mombasa, nilikokuwa nikifanya kazi ya mabaridi katika mahoteli. Kikundi kimoja cha akina mama, si mbali sana na hapa, kilikuwa kimejenga ukumbi wa futi 40 kwa 25. Walitaka kuukodisha kwa harusi na semina. Wakaniita. Nilifika, nikatazama, nikasema, "Hapa wekeni mashine mbili za BTU 24,000." Wakakopa pesa, nikafunga, tukapiga makofi.

Sikuwaambia kwamba paa lao lilikuwa mabati matupu bila dari. Sikuwaambia kwamba yale madirisha ya vioo vya kupangana hayafungi hata ukiyafunga. Saa nane mchana, watu mia moja wakiwa ndani, mashine zilinguruma na watu wakatoka jasho. Baada ya miezi minne bili ya stima ilikuwa imepita pesa ya kukodisha. Kisha stima ikaja ikiwa na nguvu kidogo jioni moja, kompresa ya mashine moja ikaungua. Mkopo ulibaki pale pale. Akina mama watatu waliondoka katika kikundi, na mmoja wao alikuwa ameuza ng'ombe wake kulipa fungu lake.

Mama mwenyekiti wao aliniita. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, sisi tulikuomba baridi, wewe ukatuuzia mashine. Hukutuuliza nyumba yetu ikoje." Maneno hayo nimekaa nayo mpaka leo, na ndiyo ninayowaletea.

Mashine hii hufanya nini?

Watu hudhani AC inatengeneza baridi. Hapana. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. Shika mkono nyuma ya friji utahisi joto. Hilo ndilo lililotolewa kwenye nyama na soda. AC ni hivyo hivyo, ila friji yenyewe ni chumba chenu.

Wale wa Sio Port na Port Victoria watanielewa upesi. AC ni kama mtu aliyekaa katika mtumbwi akichota maji na kuyamwaga nje. Mtumbwi ukivuja, huendi kununua ndoo kubwa zaidi. Unaziba tundu kwanza. Mimi niliwauzia wale akina mama ndoo mbili kubwa, na mtumbwi haukuwa na ubavu.

Basi joto huingia wapi? Kuna milango minne.

Wa kwanza ni paa. Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Adhuhuri jua liko juu ya kichwa, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Bati likichomwa na jua linashusha joto juu ya vichwa kama jiko lililopinduliwa. Wazee waliolala katika nyumba za nyasi wanakumbuka jinsi zilivyokuwa baridi mchana.

Wa pili ni ukuta na vioo vinavyotazama magharibi. Jua la saa kumi huingia kwa pembeni, na kioo hulikaribisha.

Wa tatu ni watu wenyewe. Mtu mmoja aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 100. Watu mia moja ni wati 10,000, sawa na pasi kumi za stima za wati 1,000 zilizowashwa ndani ya chumba.

Wa nne ni vyombo: friji, kompyuta, taa, jiko la hoteli.

Sasa nitawaonyesha hesabu ambayo sikuifanya mwaka ule. Vitabu vya Marekani huanza na BTU 20 kwa kila futi mraba 1, lakini kwa nyumba yenye dari nzuri na isiyopitisha hewa ovyo. Futi 40 mara 25 ni futi mraba 1,000, hivyo BTU 20,000. Kisha huongeza BTU 600 kwa kila mtu baada ya wawili wa kwanza. Watu 98 waliobaki ni BTU 58,800. Jumla ni karibu 79,000, na hapo hatujahesabu mabati matupu wala madirisha yale. Mimi niliweka 48,000. Hata kama wangelipa bili mpaka mwisho, baridi wasingeipata.

Nani anahitaji baridi?

Kiyoyozi cha kwanza cha namna tunayoijua leo hakikutengenezwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1902 kijana mhandisi aitwaye Willis Carrier alitakiwa kusaidia kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, New York. Karatasi ilikuwa ikivuta unyevu, inapanuka, na rangi hazikai mahali pake. Akaunda mtambo wa kutoa maji katika hewa. Yaani mwenye shida alikuwa karatasi.

Kwa hiyo mpangaji akisema anataka AC, muulizeni: ni nini hasa kinachohitaji baridi? Mwenye duka la dawa ana jibu la kweli. Pakiti nyingi za dawa zimeandikwa ziwekwe chini ya nyuzi 25 au 30, na mwezi wa Januari na Februari chumba cha mabati hupita hapo. Dawa ikiharibika mgonjwa ndiye anayeumia. Chumba chenye mitambo ya kompyuta nacho kina sababu. Lakini mwenye kinyozi, mwenye nguo za mtumba, mwenye posho mill, hawa wanahitaji upepo na kivuli. Msiwanunulie dawa ya ugonjwa ambao hawana.

Hatua zenyewe

Kama ningerudishwa mwaka 2011, ningefuata mpango huu, na ndio ninaowapa.

Kwanza, lifanyieni kazi paa. Wekeni dari, na kati ya dari na bati acheni nafasi yenye matundu ya kutoa hewa kwenye ncha za juu, matundu yenye wavu ili popo wasihamie. Bati jeupe au lililopakwa rangi nyeupe hurudisha jua kuliko lililoingia kutu. Ikiwa mnajenga ghorofa ya zege, chumba cha chini kitakuwa na nafuu, na cha juu ndicho cha kuangalia.

Pili, elekezeni nyumba. Wale ambao hamjachimba msingi mna bahati. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi. Ploti ikiwalazimisha kutazama magharibi, jengeni baraza. Maduka ya zamani ya miji yetu yalikuwa na baraza mbele. Mteja alisimama kivulini, na ukuta haukupigwa jua. Siku hizi tumeyatupa mabaraza tukaweka kioo kutoka chini hadi juu, halafu tunanunua mashine ya kupambana na kioo.

Tatu, fungueni njia ya hewa. Dirisha moja halitoshi. Hewa ikiingia lazima ipate pa kutokea. Wekeni matundu upande wa pili, na yawe juu, maana hewa ya moto hupanda. Kila tundu liwe na wavu wa mbu. Huku kwetu baridi ya kuleta malaria si baridi.

Msidhani haya ni mambo ya maskini. Huko Harare, Zimbabwe, kuna jengo kubwa la maduka na maofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Mchoraji wake, Mick Pearce, alitazama vichuguu, hivi hivi tunavyovinjia kumbikumbi mvua ikinyesha, akajiuliza wadudu hawa wanapitishaje hewa. Jengo lile halikuwekewa viyoyozi vya kawaida. Usiku feni hupitisha hewa baridi katika sakafu na zege nzito. Mchana zege hiyo iliyopoa hupunguza joto, na hewa iliyochoka hutoka juu kupitia mabomba kama ya moshi. Hapa kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kule Lang'ata kilijenga jumba la maktaba ambalo hewa ya ukumbi wake hupitishwa kwenye mawe yaliyopangwa chini ili ipoe kwanza. Usiku wetu nao hupoa. Nyumba ya matofali mazito, ikifunguliwa usiku kwa matundu ambayo mwizi hapiti, huamka ikiwa baridi.

Nne, feni. Feni haipoozi chumba. Inapooza mtu kwa kukausha jasho lake. Ndiyo maana kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kuchoma pesa. Lakini tazameni hesabu. Feni ya dari hula kama wati 70. Mkiiwasha saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni yuniti 16 hivi. AC ya BTU 12,000 hula kama wati 1,000 inapofanya kazi kwa nguvu. Kwa saa hizo hizo ni yuniti 234. Tuseme kwa mfano yuniti moja ni shilingi 30. Feni ni shilingi 480. AC ni shilingi 7,020. Chukueni risiti yenu ya tokeni, muweke bei yenu halisi, mfanye hesabu wenyewe.

Tano, na ni baada ya hayo yote, nunueni mashine kwa chumba kinachoihitaji.

Mashine gani?

Muuzaji atawaonyesha aina nyingi. Nitazisema kwa ufupi.

Iko mashine ya maji, ambayo hupuliza hewa katika pedi iliyolowa. Bei yake ni nafuu na hula stima kidogo. Inafaa sehemu kavu kama Lodwar au Garissa. Huku kwetu karibu na ziwa, na hasa wakati wa mvua, hewa imekwisha jaa maji. Itawaongezea unyevu tu, na dawa na unga havipendi unyevu. Ni kazi ile ile ya chumba cha makaa yaliyolowa cha kuhifadhia mboga: siku kavu hufanya vizuri, siku ya mvua hulegea.

Iko ya kubebeka yenye magurudumu na bomba la kutoa joto dirishani. Ni rahisi kufunga, lakini hupoteza nguvu nyingi. Muichukue kwa shida ya muda tu.

Iko ya vipande viwili, kimoja ndani ukutani, kingine nje. Kwa jengo la vyumba sita au vinane vya kupangisha, hii ndiyo ya busara. Kila chumba kina yake. Moja ikifa, nyingine zinaendelea, na kila mpangaji anatumia kwa kadiri ya mfuko wake. Tafuteni ile ya inveta, ambayo hupunguza mwendo chumba kikipoa badala ya kuzima na kuwaka.

Na uko mtambo mmoja mkubwa wa kupooza jengo zima. Huo ni wa mahospitali na majengo marefu yenye fundi wa kukaa hapo hapo. Kwa vikundi vyetu nasema hapana.

Mkimkalisha muuzaji chini, mumuulize maswali haya, na mweka hazina aandike majibu:

1. BTU ngapi, na umezipataje? Asiyepima chumba msimwamini. Mashine ndogo huchoka; na iliyo kubwa mno hupooza haraka na kuzima kabla haijatoa unyevu, chumba kikabaki baridi chenye majimaji.

2. Ina nyota ngapi? Kanuni za lebo za nyota zilitungwa Kenya mwaka 2016, na viyoyozi vimo. Nyota nyingi maana yake stima kidogo.

3. Inatumia gesi gani? Wakisema R-22, kataeni hata kama ni bei ya kutupa. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 na marekebisho yake, nchi zetu zinazoendelea zimewekewa mwaka 2030 kuacha kuitumia, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine za zamani. Mtabaki na chuma kisicho na gesi. Hizi za mitumba nyingi ni za namna hiyo. R-410A haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikivuja huipasha dunia joto kama zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. R-32 ni kama kilo 675. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana tena Kigali mwaka 2016 kukubaliana kuzipunguza. R-32 inaweza kushika moto kidogo, basi afunge fundi aliyefunzwa.

4. Spea na fundi wako wapi? Kama jibu ni Nairobi, ongezeni nauli katika bei.

5. Waya na ulinzi je? Mashine iwe na waya wake kutoka kwenye boksi kuu, na kifaa cha kuilinda stima ikipanda, ikishuka au ikirudi ghafla. Mimi sikuweka kifaa hicho, na kompresa ikaungua.

Baada ya kufunga, chujio lioshwe kila mwezi. Bomba la kutoa maji lisizibe, la sivyo ukuta utaoza. Na jueni kwamba mashine hii ya vipande viwili haileti hewa mpya. Inazungusha ile ile. Wakati wa korona mwaka 2020 tulijifunza maana yake. Chumba cha watu wengi lazima kifunguliwe mara kwa mara, maana kifua kikuu nacho hakijaondoka.

Nani atalipa?

Hapa ndipo vikundi huvunjika. Ushauri wangu ni huu. Kikundi kijenge nyumba nzuri: paa, dari, baraza, matundu, feni. Hayo ni yenu na yatabaki yenu. Kwa AC, fanyeni matayarisho tu wakati wa kujenga: pitisheni waya mnene, acheni tundu la bomba ukutani, jengeni kibao cha kuwekea kipande cha nje mahali penye kivuli. Kila chumba kiwe na mita yake. Halafu mpangaji anayehitaji AC aje na yake, au kikundi kiinunue kwa chumba kimoja na iandikwe katika mkataba kwamba kodi ni zaidi, na kuitunza ni juu ya nani. Msiweke stima ya AC ndani ya kodi. Kitu cha bure hakizimwi.

Wale akina mama je? Tuliiuza ile mashine iliyobaki. Pesa zake zilinunua mbao na bodi za dari. Mimi nilifanya kazi bila malipo, maana deni lilikuwa langu pia. Tukafungua matundu juu, tukaweka feni sita, tukapanda miti upande wa magharibi. Ukumbi ule sasa una harusi karibu kila Jumamosi katika msimu wake, na hakuna anayeuliza AC. Lakini mkopo waliumaliza kwa miaka mitatu, na wale watatu hawakurudi.

Kwa hiyo, mwenyekiti, nawaomba msipige kura leo. Nendeni ploti saa nane mchana, wote, pamoja na wazee. Simameni ndani. Tazameni jua linaingilia wapi. Kisha rudini, mhesabu. Muuzaji atangoja, akiwa hawezi kungoja juma mbili, hiyo nayo ni habari.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Jengo letu hupata joto zaidi kupitia mlango upi kati ya ile minne?
2. Ni wapangaji gani tunaowatarajia, na ni nani kati yao mwenye kitu kinachoharibika kwa joto?
3. Kwa bei ya tokeni zetu za mwezi uliopita, AC moja ingetula shilingi ngapi? Feni je?
4. Mkataba wetu unasema nini juu ya mashine ikiharibika?
5. Nani atakayeosha chujio?